Prasanta Mahalanobis: Aliyepima mashamba ya Bengal kwa kupima machache

Msimu wa mavuno ukifika wanunuzi wa nafaka huja vijijini na bambo mkononi. Gunia limeshonwa, na mnunuzi hana haja ya kulifungua. Anachoma bambo ubavuni, punje za kujaa kiganja zinatoka, anazitazama, anaitafuna moja au mbili, kisha anataja bei ya gunia zima. Kile kiganja cha mahindi ndicho walimu wa hisabati wanachokiita sampuli, yaani sehemu ndogo inayosimama badala ya kitu kizima.

Kila mkulima anaijua pia hila ya gunia. Muuzaji mjanja huweka mahindi safi juu na mabovu chini. Mnunuzi anayechoma juu peke yake atapunjwa, na hata akichoma mara hamsini palepale juu, bado atapunjwa. Anayechoma juu, katikati na chini, bila muuzaji kujua bambo litaingia wapi, ndiye anayeujua ukweli wa gunia.

Wengi wenu mna watoto wa sekondari wanaosoma takwimu, na wengine mmewahi kuulizwa na watoto hao inakuwaje serikali itangaze mavuno ya nchi nzima wakati hakuna aliyekuja kupima shamba lenu. Katika makala haya tunawasimulia maisha ya mtu aliyefanya kazi hiyo ya bambo kwa jimbo zima, na baadaye kwa nchi nzima. Aliitwa Prasanta Chandra Mahalanobis, na mashamba aliyoanza nayo yalikuwa ya juti, zao ambalo nyuzi zake hufumwa magunia.

Kijana aliyekosa treni

Mahalanobis alizaliwa tarehe 29 Juni 1893 katika mji wa Calcutta, ambao leo unaitwa Kolkata, mashariki mwa India. Wakati huo India ilitawaliwa na Uingereza. Alisoma fizikia katika chuo cha Presidency mjini humo, akahitimu mwaka 1912, na mwaka uliofuata akapanda meli kwenda Uingereza kuendelea na masomo.

Nia yake ilikuwa kusoma London. Siku moja alikwenda kutembea Cambridge, akavutiwa mno na kanisa la chuo cha King's, na alipokuja kushtuka treni ya mwisho ya kurudi London ilikuwa imekwishaondoka. Akalala kwa rafiki yake aliyekuwa akisoma hapo. Kesho yake akaomba nafasi katika chuo hicho hicho, akaipata. Hivyo akasoma Cambridge, na huko akafahamiana na Mhindi mwenzake Srinivasa Ramanujan, ambaye jina lake bado linatajwa katika madarasa ya hisabati duniani kote.

Mwaka 1915, akiwa tayari kurudi nyumbani, safari ya meli iliahirishwa kwa siku kadhaa kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza. Katika siku zile za kungoja, mkufunzi wake alimwonyesha jarida liitwalo Biometrika, lililoeleza jinsi ya kutumia hesabu kuwachunguza watu, wanyama na mimea. Kijana akanunua matoleo yote yaliyokuwapo na kuyasoma akiwa baharini. Alipofika Calcutta aliajiriwa kufundisha fizikia, kazi aliyoendelea nayo kwa miaka mingi, lakini akili yake ilikuwa imekwishahamia kwenye takwimu.

Kutoka mafuriko hadi chumba kimoja chuoni

Hakukaa na elimu hiyo darasani tu. Mwaka 1926 mafuriko makubwa yalipiga Orissa, kusini magharibi mwa Bengal. Wahandisi waliona kwamba chini ya mto pamepanda kwa kujaa mchanga, wakataka kingo zijengwe ziwe ndefu zaidi. Mahalanobis alikusanya kumbukumbu za mvua na za maji ya mto za miaka ipatayo 60, akazichambua, akaonyesha kwamba chini ya mto hapakuwa pamepanda. Kurefusha kingo kungekuwa kutupa fedha. Kilichofaa, alieleza, ni kujenga mabwawa sehemu za juu za mto ili kuyazuia maji yanapozidi.

Desemba 1931 yeye na wenzake walianzisha Taasisi ya Takwimu ya India. Tusidhani ilikuwa ghorofa. Ilianza katika chumba chake pale chuoni, ikiwa na mfanyakazi mmoja wa muda, na matumizi yake ya mwaka wa kwanza hayakufika rupia 250. Mwaka 1933 taasisi ilianza kutoa jarida lake, Sankhya. Mwaka 1936 Mahalanobis alichapisha kanuni ya kupima jinsi kundi moja la vitu linavyotofautiana na jingine. Kanuni hiyo imebeba jina lake hadi leo, na wataalamu wa kompyuta wanaitumia kila siku.

Ni juti kiasi gani iko shambani?

Bengal ya wakati ule, ambayo leo imegawanyika kati ya India na Bangladesh, ndiyo iliyoilisha dunia juti. Mamilioni ya wakulima waliitegemea. Bei ilipanda na kushuka kufuatana na habari za mavuno, na serikali, wenye viwanda na wafanyabiashara wote walitaka kujua mapema ni kiasi gani kimelimwa.

Njia iliyokuwapo ilikuwa ya macho. Walinzi wa vijiji na watumishi wadogo wa serikali walitazama mashamba wakakisia, makisio yakapelekwa ngazi ya juu, huko yakajumlishwa na kuitwa takwimu. Hakuna aliyeweza kusema yamekosea kwa kiasi gani. Mkulima anajua maana yake: tetesi zikisema mavuno ni makubwa kuliko yalivyo, bei inashuka na anayeumia ni yeye.

Njia ya pili iliyopendekezwa ilikuwa kuhesabu kila kipande cha ardhi bila kuacha hata kimoja. Kwa masikio ya wengi hiyo ilionekana ndiyo njia ya haki.

Mahalanobis alipendekeza njia ya tatu. Mwaka 1937 alianza majaribio katika eneo dogo, na kila mwaka akalipanua, hadi mwaka 1941 akalifikia jimbo zima la Bengal. Hakuruka hatua. Kila jaribio lilimfundisha gharama ni kiasi gani, makosa yanatoka wapi, na nini kibadilishwe kabla ya jaribio linalofuata. Leo wataalamu wengi wa takwimu hufanya jaribio dogo kabla ya utafiti mkubwa, na yeye ni mmoja wa waliowazoesha kufanya hivyo.

Jinsi alivyochagua mashamba

Hapa ndipo penye somo la darasani, kwa hiyo twende polepole.

Jambo la kwanza ni bahati nasibu. Vijiji vya Bengal vilikuwa na ramani za ardhi. Badala ya kumwachia mtumishi aende kwenye mashamba yaliyo karibu na barabara, au ya mtu anayemfahamu, ofisi ilichagua sehemu kwenye ramani kwa namba za nasibu, ambazo hakuna mtu aliyezipanga. Namba ikiangukia bondeni kwenye matope, mtumishi anakwenda bondeni kwenye matope. Hii inaitwa sampuli nasibu. Kila eneo linakuwa na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, na hakuna mwenye uwezo wa kulificha au kulipendelea.

Jambo la pili ni gharama ya miguu. Mahalanobis alitaka kumbukumbu za muda: mtumishi ametumia muda gani kutembea, na muda gani kupima. Ukichagua vipande vidogo vingi vilivyotawanyika, unapata picha nzuri ya jimbo, lakini watu wako wanashinda njiani. Ukichagua vipande vikubwa vichache, watu wanatembea kidogo, lakini picha inakuwa ya sehemu chache tu. Alitafuta kwa hesabu mahali ambapo fedha iliyopo inanunua ukweli mwingi zaidi.

Jambo la tatu ni makundi mawili. Alituma kundi la kwanza kupima sampuli yake, na kundi la pili, lisilowasiliana na la kwanza, kupima sampuli nyingine katika eneo lile lile. Majibu yao yakikaribiana, kazi inaaminika. Yakitofautiana sana, kuna mtu aliyelala chini ya mwembe na kujaza fomu kwa kubuni, au kuna maelekezo ambayo hayakueleweka. Kwa njia hii utafiti ulijikagua wenyewe.

Jambo la nne linahusu kupima mavuno yenyewe. Huwezi kuvuna shamba zima la mtu kwa ajili ya utafiti. Unachagua sehemu kwa nasibu, unachora duara, unavuna kilichomo na kukipima. Mahalanobis alijaribu maduara madogo na makubwa yenye kitovu kimoja, akagundua kwamba yale madogo sana yalitoa mavuno makubwa kuliko ukweli. Sababu ni ya kibinadamu. Mmea unaosimama kwenye mstari, mpimaji huona shida kuuacha nje, anauingiza. Katika duara kubwa mimea hiyo ya mpakani ni michache ukilinganisha na iliyomo ndani, lakini katika duara dogo inatosha kuharibu hesabu. Kosa la namna hii, linaloelekea upande mmoja kila mara, walimu huliita upendeleo. Kuongeza idadi ya maduara hakuliondoi, kama vile kuchoma bambo juu ya gunia mara hamsini kusivyosaidia.

Mwaka wa kupimana

Mwaka 1941 njia mbili zilikutana uso kwa uso. Juti ya Bengal ilikadiriwa kwa sampuli ya Mahalanobis, na pia kwa kuhesabu kipande kwa kipande. Baadaye zao lilipopita mikononi mwa wafanyabiashara na forodha, kiasi chenyewe kikajulikana.

Hesabu ya kila kipande ilitoa takriban marobota milioni 6.3. Sampuli ilitoa takriban milioni 7.54. Takwimu za biashara na forodha zilionyesha takriban milioni 7.56.

Tazameni namba hizo tena. Waliokwenda kila mahali walikosa karibu sehemu moja ya sita ya zao lote. Waliokwenda mahali pachache, palipochaguliwa vizuri, waliukaribia ukweli kabisa, tena kwa gharama ndogo zaidi.

Inawezekanaje? Kazi kubwa kupita kiasi hudai watu wengi wa kuajiriwa haraka, wasiofundishwa vya kutosha, wasio na msimamizi wa kuwafuata. Makosa yao hayaonekani kwa sababu yamefunikwa na wingi wa karatasi. Kazi ndogo inaweza kupewa watu wachache waliofundishwa, wakakaguliwa na wakarudishwa shambani pale wanapokosea. Sensa ikifanywa vizuri ina kazi yake, lakini kuhesabu wengi ovyo hakuwezi kushinda kuhesabu wachache kwa uangalifu.

Njaa ya mwaka 1943

Miaka miwili baadaye namba ziligeuka kuwa jambo la uhai. Mwaka 1943 njaa kubwa iliikumba Bengal katikati ya Vita Kuu ya Pili. Waliokufa kwa njaa na kwa magonjwa yaliyofuata wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 2 na milioni 3. Wakubwa walikuwa wakibishana kama mchele upo au haupo, na takwimu za kilimo walizobishania zilikuwa zile zile za kukisia kwa macho.

Njaa ilipopita, Taasisi ya Takwimu ilichagua vijiji 386 na kuzitembelea familia zaidi ya 15,000, ili ijue nani aliumia na kwa namna gani. Ilionekana kwamba vibarua wa mashambani, wavuvi na mafundi wa vijijini ndio walioporomoka zaidi. Karibu robo ya familia zilizokuwa na mashamba ya mpunga zilikuwa zimeuza au kuweka rehani shamba lote au sehemu yake ili zipate chakula. Bila sampuli ile, mateso ya watu hao yangebaki kuwa masimulizi ambayo ofisi ingeyapuuza.

Kutoka jimbo hadi taifa

Mwaka 1945 Mahalanobis alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London. Baada ya vita aliongoza kamati ndogo ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia sampuli, na njia zilizojaribiwa kwenye matope ya Bengal zikaanza kuelezwa kwa nchi nyingine.

India ilipata uhuru mwaka 1947. Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru alitaka kujua wananchi wanaishi vipi, wanakula nini na wanapata nini, lakini taarifa hazikuwapo. Mwaka 1950 ukaanza Utafiti wa Sampuli wa Taifa. Nchi ilikuwa na vijiji zaidi ya laki 5, na kwa mzunguko wa kwanza vilichaguliwa 1,833 tu. Watumishi walikwenda kwa miguu, kwa mitumbwi na kwa mikokoteni. Walikuta lugha nyingi, na vipimo vya kienyeji vya kila aina, ambavyo ilibidi vigeuzwe kuwa kipimo kimoja kabla ya kujumlishwa. Msikilizaji aliyewahi kuuza kwa debe, kisado na lumbesa anaelewa ugumu huo.

Kuanzia mwaka 1955 Mahalanobis alikuwa katika Tume ya Mipango ya India, na alishiriki sana kuandaa mpango wa pili wa miaka mitano, uliotilia mkazo viwanda vikubwa. Wapo waliompinga, na mjadala kuhusu mpango huo haujaisha hadi leo. Lakini hata waliompinga walibishana naye kwa kutumia takwimu zilizotokana na utafiti aliouanzisha.

Mkewe, Nirmalkumari, ambaye wengi walimwita Rani, alioana naye mwaka 1923 na kuwa naye hadi mwisho. Mahalanobis alifariki tarehe 28 Juni 1972, siku moja kabla ya kutimiza miaka 79. Tangu mwaka 2007 India huadhimisha siku yake ya kuzaliwa, 29 Juni, kuwa Siku ya Takwimu.

Kwa mwanafunzi na mzazi wake

Tuseme kijiji kina kaya 600, na unataka kuuliza kaya 30 tu. Unaweza kuzipa namba kutoka 1 hadi 600, ukaandika namba hizo kwenye vikaratasi, ukavichanganya ndani ya ndoo na kuchomoa 30. Hiyo ni sampuli nasibu ya kawaida.

Unaweza pia kugawa 600 kwa 30 ukapata 20. Unachomoa namba moja kati ya 1 na 20, tuseme 7, kisha unakwenda kaya ya 7, ya 27, ya 47, hadi mwisho. Hiyo ni sampuli ya mpangilio.

Kama kaya 400 ziko bondeni na 200 ziko mlimani, na maisha yao ni tofauti, chagua 20 bondeni na 10 mlimani ili kila upande uwe na uzito wake. Hiyo ni sampuli ya matabaka.

Kama unashughulika na mkoa mzima, huwezi kutembea kaya moja hapa na nyingine kilomita 80 mbele. Unachagua kwanza vijiji kwa nasibu, kisha kaya ndani ya vijiji hivyo. Ndivyo walivyofanya India mwaka 1950, na hiyo huitwa sampuli ya hatua.

Mwanafunzi akumbuke na hili: katika sampuli nasibu, ukitaka kupunguza kosa liwe nusu, lazima sampuli iwe kubwa mara nne. Ndiyo maana watafiti hawaongezi watu ovyo. Wanaanza kwa kuuliza wamechaguliwaje.

Hapa Tanzania, Sensa ya Watu na Makazi huhesabu kila mtu. Lakini tafiti za kilimo na za mapato na matumizi ya kaya zinazofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutumia sampuli. Akija mdadisi nyumbani kwako na jirani yako asiulizwe, usidhani umeonewa au umependelewa. Umechaguliwa kwa nasibu, na jibu lako linasimama badala ya kaya nyingi ambazo hazikufikiwa. Ukimwambia umevuna magunia matano wakati umevuna kumi, kwa kuogopa kodi au kwa kutarajia msaada, umezisemea uongo kaya hizo zote.

Na sisi tunaotangaza tuna wajibu wetu. Mkitusikia tukisoma kwamba wakulima saba kati ya kumi wamefanya hili au lile, mna haki ya kutuuliza: waliulizwa wangapi, walichaguliwa vipi, na nani aliachwa nje? Kura ya maoni ya watu wanaotupigia simu, kwa mfano, haiwasemei wasio na vocha wala wasio na mtandao. Tupigieni mtuulize maswali hayo matatu kila tunapotaja namba. Tukikosa majibu, namba hiyo haistahili kusomwa hewani.